Dialisisi ipi inaongeza maisha? Swali lililoulizwa vibaya kwa miaka 30

Wiki tatu zilizopita, saa sita usiku, mdogo wangu (mtoto wa mama mdogo, wanaishi Toronto) alinitumia ujumbe. "Shikamoo dada. Mama kaambiwa figo zimefika mwisho. Wamempa vipeperushi viwili, kimoja cha mashine kimoja cha tumbo, eti achague mwenyewe. Wewe si ndo unasoma takwimu za afya? Tuambie basi, ipi watu wanaishi zaidi."

Nikamjibu: nipe siku mbili. Siku mbili zikawa wiki tatu, kwa sababu kila makala niliyofungua ilikuwa inaipinga ile niliyoifunga. Kwa hiyo leo sitaandika maelezo ya kawaida ya "figo hufanyaje kazi", yale tumeshayaandika sana humu. Nataka kuzihakiki tafiti zenyewe: zilidai zinapima nini, zilipima nini kweli, na kwa nini nadhani nyingi zilikuwa zinapima kitu kingine kabisa.

Tuelewane kwanza vitu vyenyewe. Figo zikishindwa kabisa, ukiacha kupandikizwa figo nyingine, kuna njia mbili za kusafisha damu. Ya kwanza ndiyo wengi wetu tumeiona hospitalini: mashine. Damu inatoka mwilini, inapita kwenye chujio, inarudi. Kwenye nchi tajiri kawaida ni saa nne hivi, mara tatu kwa wiki. Mholanzi Willem Kolff alitengeneza figo bandia ya kwanza mjini Kampen mwaka 1943, lakini kumweka mtu kwenye mashine miezi na miaka hakukuwezekana mpaka 1960, pale Belding Scribner wa Seattle alipopata njia ya kuuacha mlango wa damu wazi mkononi bila kutoboa mshipa upya kila mara. Siku hizi mlango huo ni wa namna mbili kuu. Kuna fistula, yaani vena ya mkononi inaunganishwa na ateri kwa upasuaji mdogo ili inenepe na ivumilie sindano. Na kuna katheta, ule mpira unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa, mara nyingi shingoni. Ushike mkononi huo mpira wa shingoni, tutauhitaji mbele.

Njia ya pili ni ya tumbo. Mgonjwa anawekewa mpira mwembamba tumboni, anaingiza kama lita mbili za maji maalumu yenye sukari, anayaacha saa kadhaa, anayatoa, anaingiza mengine. Mara nne kwa siku, kila siku, nyumbani kwake, au usiku kucha kwa kutumia kimashine kidogo akiwa amelala. Chujio hapa ni utando wake mwenyewe, ule unaofunika ndani ya tumbo na matumbo. Wazo la kuifanya hivi mfululizo lilitoka kwa Robert Popovich na Jack Moncrief huko Austin, Texas, mwaka 1976. Faida yake: mwili hausubiri siku mbili maji na sumu vijae halafu vinyonywe kwa saa nne, na mkojo kidogo uliobaki kwenye figo huchelewa kukauka. Hasara: utando unachoka kadiri miaka inavyokwenda, na mikono isiyo safi siku moja tu inaweza kuleta maambukizi ya tumbo zima.

Basi, ipi watu wanaishi zaidi?

Mwaka 1995 timu ya Wendy Bloembergen ilichapisha jibu kutoka rejista ya taifa ya Marekani. Walichukua wagonjwa wa 1987 hadi 1989, wakarekebisha umri, kisukari na kadhalika, wakakuta wa tumbo wana hatari ya kufa iliyo juu kwa asilimia 19 kuliko wa mashine. Fikiria daktari wa figo anayesoma hiyo asubuhi. Asilimia 19 si mchezo, angemshauri nani tena atumie tumbo?

Miaka miwili baadaye, 1997, timu ya Stanley Fenton ilitoa jibu la Kanada. Karibu wagonjwa elfu 12, walioanza kati ya 1990 na 1994. Wakakuta wa tumbo wana hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 27. Si pungufu kidogo, si "hakuna tofauti". Kinyume kabisa.

Nchi mbili jirani, dawa zilezile, viwanda vilevile vinauza maji na machujio, miaka inakaribiana. Utando wa tumbo la Mkanada haujui mpaka uko wapi. Wakati huo watu walitafuta sababu nyingi, mojawapo kwamba Wakanada labda walikuwa wanafanya dialisisi ya tumbo vizuri zaidi. Huenda kuna ukweli. Ila ukirudi kwenye sehemu ya mbinu, ile ambayo wengi huiruka, unakuta kitu cha msingi zaidi: hawakuanza kuhesabu mahali pamoja. Wamarekani walihesabu watu waliokuwa tayari kwenye dialisisi mwanzoni mwa kila mwaka. Wakanada waliwahesabu tangu walipoanza.

Kwa nini hilo ni kubwa? Chukua mabasi mawili yanayotoka Dar kwenda Moshi, unataka kujua lipi linafikisha abiria salama. Basi A limebeba watu waliopanga safari yao wiki nzima. Basi B limebeba hao pia, lakini njiani linalazimika kupakia kila majeruhi anayekutwa barabarani. Ukisimama Ubungo ukahesabu toka mwanzo, basi B litaonekana basi la kifo, maana majeruhi wengi wataishia Kibaha na Chalinze. Ukisimama Segera ukaanza kuhesabu hapo, wale majeruhi hawapo tena. Waliofika Segera ndani ya basi B ni wagumu, na basi B sasa linaonekana zuri. Dereva hakubadilika, gari halikubadilika.

Basi B ni mashine. Katika kila nchi kuna watu ambao hawajui figo zao zimekufa mpaka usiku ule wanaletwa wakihema kwa shida, mapafu yamejaa maji, potasiamu iko juu kiasi cha kutishia kuusimamisha moyo. Mtu wa namna hiyo hapewi vipeperushi viwili. Anawekewa mpira shingoni na kupelekwa kwenye mashine usiku huohuo. Akifa wiki ya pili, anaandikwa kwenye safu ya "mashine". Dialisisi ya tumbo kwa kawaida inapewa mtu aliyejiandaa: anamjua daktari wake miezi mingi, ana nyumba yenye nafasi, ana akili timamu na mikono inayofanya kazi, ana mtu wa kumsaidia. Huyo angeishi zaidi hata ungempa nini.

Unaweza kusema: lakini si walirekebisha kwa hesabu? Walirekebisha, ila unarekebisha kilichoandikwa tu. Rejista inaandika "kisukari: ndiyo". Haiandiki kwamba mtu aliingia akibebwa. Mwaka 2000 timu ya Sean Murphy, huko huko Kanada, ilifanya kazi ambayo naipenda kuliko za mamia ya maelfu ya watu. Walichukua wagonjwa 822 tu katika vituo 11 na kuandika kwa kina: maradhi gani mengine wanayo, mazito kiasi gani, na figo zilishindwa polepole au ghafla. Mwanzo faida ya tumbo ilionekana, kama kwa Fenton. Walipoingiza uzito wa maradhi na ule ughafla, ikayeyuka. Mwaka 2011 Robert Quinn na wenzake wa Ontario wakapita njia nyingine: wakawatoa wote walioanza kwa dharura, wakabakiza walioanza kwa mpango wakiwa nje ya wodi, baada ya angalau miezi minne ya kuhudhuria kliniki ya figo. Hakukuwa na tofauti ya vifo kati ya tumbo na mashine.

Mwaka huohuo ikatoka ya Jeffrey Perl, pia Kanada, na hapa ndipo ule mpira wa shingoni unarudi. Perl aligawa watu wa mashine mafungu mawili: walioanza na fistula (au mshipa bandia) na walioanza na katheta. Jumla yao pamoja na wa tumbo ni zaidi ya elfu 38. Katika mwaka wa kwanza, wenye fistula walikufa kwa kiwango kilekile cha watu wa tumbo. Wenye katheta walikuwa na hatari iliyo juu kwa asilimia 80. Na wenye katheta walikuwa zaidi ya elfu 24, yaani wengi mno kuliko wenye fistula, ambao hawakufika elfu 7.

Yaani neno "mashine" kwenye tafiti zote zile za nyuma lilikuwa linafunika matibabu mawili yaliyotofautiana kuliko yanavyotofautiana na tumbo. Kila aliyeandika "mashine dhidi ya tumbo" alikuwa, kwa sehemu kubwa, anaandika "mpira wa shingoni dhidi ya visivyo mpira wa shingoni" bila kujua.

Ila na Perl nimkosoe kidogo. Watu walimsoma wakahitimisha kwamba katheta inaua, kwa hiyo kila mtu apewe fistula haraka. Katheta ina ubaya wake, hilo halina ubishi, ni mlango wa bakteria moja kwa moja kwenye damu. Lakini nani anawekewa katheta? Yule aliyeletwa usiku akihema. Fistula inahitaji wiki kadhaa mpaka miezi kukomaa, kwa hiyo mwenye fistula siku ya kwanza ni mtu ambaye mtu fulani alimwona mapema. Katheta ni sababu ya kifo na ni alama ya kuchelewa, vyote kwa pamoja, na takwimu za Perl peke yake haziwezi kutenganisha kiasi gani ni kipi. Tumetoka kwenye mtego wa basi B, tusiingie mwingine uleule wenye jina jipya.

Hapa mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza atanyoosha mkono: si wapige kura tu? Wagonjwa wagawanywe kwa bahati nasibu, huyu mashine huyu tumbo, basi, mjadala uishe. Ndiyo dawa ya kawaida ya ugonjwa huu.

Ilijaribiwa. Waholanzi walijaribu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003 kwenye Kidney International, mwandishi wa kwanza akiwa Johanna Korevaar. Walipata wagonjwa 773 ambao kitabibu wangefaa njia yoyote. Wakawaomba wakubali kupangwa kwa kura. 735 walikataa. Wakabaki 38: 18 mashine, 20 tumbo. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa kukosa watu. Baada ya miaka mitano, kati ya 18 wa mashine walikuwa wamefariki 9, na kati ya 20 wa tumbo walikuwa wamefariki 5.

Soma hizo namba polepole, kwa sababu zimetumika vibaya. Nusu dhidi ya robo, inaonekana kama ushindi mkubwa wa tumbo, na baada ya marekebisho kadirio lilikuwa kwamba hatari ya mashine ni mara 3.6. Lakini kadirio hilo lilikuja na ukingo wa kuanzia 0.8 mpaka 15.4. Kwa Kiswahili cha mtaani: inawezekana mashine inapunguza vifo kwa asilimia 20, inawezekana inavizidisha mara 15, hatujui. Watu wawili watatu wangekufa upande mwingine na hadithi ingekuwa tofauti. Ni kama kuamua timu ipi bora kwa kuangalia dakika tano za mechi.

Na kuna jambo ambalo wanaolinukuu jaribio hili huwa hawalitaji. Waholanzi walewale, mwaka huohuo 2003, walichapisha pia matokeo ya kundi lao kubwa ambalo halikupigiwa kura, wagonjwa zaidi ya 1,200 waliojichagulia njia au kuchaguliwa na madaktari wao. Makala hiyo mwandishi wake wa kwanza ni Fabian Termorshuizen. Humo, miaka miwili ya kwanza hakukuwa na tofauti, na baada ya hapo waliofanya vibaya ni wa tumbo, hasa wenye umri mkubwa. Nchi moja, mradi mmoja, mwaka mmoja wa kuchapisha, na makala mbili zinazoelekeza pande mbili. Anayekuletea moja tu kati ya hizo ana kitu anauza, au hakusoma.

Lakini mimi kilichonikaa kichwani ni wale 735. Kwenye makala wanatajwa kama tatizo la utekelezaji: watu walikataa, jaribio likafa, tunasikitika. Nadhani hilo ndilo tokeo kubwa kuliko yote. Mtu akiombwa kupigiwa kura kati ya vidonge viwili vyeupe, mara nyingi anakubali, maana kwake vyote ni kumeza. Hawa walielezwa njia zote mbili vizuri, wakaelewa, na baada ya kuelewa asilimia 95 wakasema hapana, hili nachagua mwenyewe. Kwa sababu njia moja inakutaka kituoni siku tatu kila wiki mpaka ufe au upate figo, na nyingine inakutaka ugeuze chumba cha kulala kuwa wodi ndogo mara nne kwa siku. Huwezi kumpangia mtu hilo kwa kurusha shilingi. Sisi watu wa takwimu tulitaka kujua ipi inaongeza miezi kwa sababu miezi ndiyo tunayojua kuihesabu.

Tuje kwenye makala ambayo siku hizi inanukuliwa kufunga mjadala. Rajnish Mehrotra na wenzake, 2011, Archives of Internal Medicine. Wamarekani 684,426 walioanza dialisisi kati ya 1996 na 2004. Kwa walioanza 2002 hadi 2004, uwiano wa hatari ya kifo ulikuwa 1.03, yaani hakuna tofauti ya maana. Miaka mitano baadaye waliokuwa hai ni asilimia 35 wa mashine na asilimia 33 wa tumbo.

Ni kazi nzuri, na hitimisho lake naliamini kwa kiasi kikubwa. Inaonyesha pia kwamba matokeo ya tumbo yaliboreka miaka ile kuliko ya mashine, kwa hiyo takwimu za Bloembergen za miaka ya 80 hazifai tena kumshauri mtu leo, hata zingekuwa hazina kasoro. Lakini nina manung'uniko mawili.

La kwanza ni la kiufundi. Katika tafiti nyingi za aina hii, mstari wa tumbo na mstari wa mashine hukatana. Mwanzoni wa tumbo wanafanya vizuri zaidi (kumbuka basi B), miaka ikisonga pengo linafungwa au linageuka. Na hukatana pia kwa aina ya mtu: kijana asiye na kisukari mara nyingi anaonekana afadhali kwa tumbo, mzee mwenye kisukari afadhali kwa mashine. Ukichukua mistari inayokatana ukaifupisha kuwa namba moja, utapata kitu karibu na 1, lazima. Ni sawa na kusema Makete na Dar kwa wastani hali ya hewa ni nzuri. "Hakuna tofauti" kwa wote haimaanishi hakuna tofauti kwako.

Kuna pia suala la wanaopata figo mpya, ambao kwenye hesabu nyingi wanatolewa siku ya upasuaji kana kwamba wamehama nchi. Wanaopandikizwa ni wale wenye afya, na hawatoki sawasawa pande zote mbili. Sitalichambua leo, lina makala yake.

Nung'uniko la pili si la kiufundi. Asilimia 35 na asilimia 33. Kati ya watu mia walioanza, miaka mitano baadaye wamebaki 35 upande huu na 33 upande ule, na fani nzima ilitumia miaka 30 kugombania wale wawili. Wale 65 je? Hiyo ni Marekani, kwenye nchi ambayo serikali inalipia dialisisi tangu miaka ya 70. Ukiiangalia hivyo, swali la "ipi" linaanza kufanana na watu wanaobishana rangi ya mwavuli huku paa linavuja.

Na huku kwetu? Hapa ndipo kunukuu tafiti hizi kunapoanza kuniudhi, maana nimezisikia zikinukuliwa kwenye semina kana kwamba zinavuka bahari bila kulowa. Mashine inayozungumziwa na Mehrotra ni mara tatu kwa wiki. Kifurushi cha NHIF ya Kenya, kabla haijarithiwa na SHA, kilikuwa mara mbili kwa wiki kwa shilingi 9,500 kila mara, na Tanzania nako wapo walio kwenye mara mbili, wasio na bima wakiruka hata hizo mwezi ukiwa mgumu. Mashine ya mara mbili kwa wiki kupitia mpira wa shingoni si matibabu yaliyopimwa na mtu yeyote katika hao niliowataja. Na tumbo nalo linalowezekana huku silo lile: maji yake ni mazito, yanasafirishwa kutoka nje, na mgonjwa mmoja anahitaji lita nane kwa siku. Meli ikichelewa, hakuna cha kuingiza tumboni. Ndiyo maana kwa watu wazima wenye ugonjwa wa kudumu njia hii huku ni nadra sana, ingawa KCMC pale Moshi waliwahi kuonyesha kwamba inaokoa watu ambao figo zao zimeshindwa ghafla na wanahitaji kuvushwa wiki chache tu mpaka ziamke.

Mwaka 2017 Gloria Ashuntantang wa Kameruni na wenzake walikusanya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara, watu wazima zaidi ya elfu 24, wakachapisha kwenye Lancet Global Health. Nilitegemea kukuta jedwali la mashine dhidi ya tumbo. Kinachokukabili humo ni kwamba kati ya watu wazima wanaoanza dialisisi, wanaoendelea nayo hata miezi mitatu ni wachache tu. Wengine wanaacha, na kwa ugonjwa huu kuacha ni kufa. Hawaachi kwa sababu utando umechoka au mpira umeingia bakteria. Wanaacha kwa sababu ng'ombe wameisha, kiwanja kimeuzwa, na kituo kiko kilomita mia tatu. Kigezo cha umbali na mfuko hakimo hata kwenye orodha ya vitu ambavyo Bloembergen na Fenton walirekebisha, na hawakukosea, kwao hakikuwa kigezo kikubwa.

Hong Kong walilielewa hili mapema. Tangu 1985 sera yao ni tumbo kwanza, mashine kwa asiyefaa tumbo. Thailand wakafuata 2008 walipoingiza dialisisi kwenye bima ya wote. Hawakusubiri takwimu ziamue ipi inaongeza miezi. Waliona tofauti ya uhai, kama ipo, ni ndogo, wakauliza: ipi tunaweza kuwafikishia watu wengi vijijini bila kujenga kituo kila wilaya? Unaweza kuwapinga (kumnyima mgonjwa uchaguzi ni jambo zito, na Thailand mwaka 2022 walilegeza wakamrudishia mgonjwa nafasi ya kuchagua), lakini angalau walikuwa wanajibu swali la nchi yao.

Nilimpigia mdogo wangu Jumapili. Nikamwambia: kwa mtu kama mama, wa Ontario, anayehudhuria kliniki, anayeanza kwa mpango, ushahidi bora tulionao haumpi sababu ya kuogopa njia yoyote. Kwa hiyo acha kuuliza ipi anaishi zaidi. Uliza kituo kiko umbali gani wakati wa theluji, na nani atampeleka saa kumi na mbili asubuhi. Uliza mama anaona vizuri vya kutosha kuunganisha mipira bila kugusa ncha, maana ana kisukari na macho yake nayajua. Uliza maboksi ya maji yatakaa wapi kwenye ile nyumba ya vyumba viwili. Uliza mkojo anapata kiasi gani bado. Na kama anaegemea mashine, uliza hili kabla ya yote: wameshampangia lini kutengenezwa fistula?

Akanyamaza kidogo. "Fistula hawajataja, dada. Kwenye kipeperushi ipo picha tu."

Nikamwambia kesho asubuhi kitu cha kwanza apige simu kliniki. Hii naandika Alhamisi, bado wanasubiri tarehe.